Pua ya Mwalimu wa Vigari

Niliamini, tena kwa moyo mmoja, kwamba Mwalimu wa Vigari alikuwa akivuta roho za watu kwa pua. Habari hii sikuipata kwa watoto wa mtaani. Niliipata barazani kwetu Kikwajuni, kwa watu wazima wenye kofia za kushonwa kwa mkono na vikombe vya kahawa vidoleni, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Huyu alimwona akiinama nyuma ya kiti cha kiwete mmoja wa Malindi, akanusa, akaenda zake, na mwezi haukuandama mwengine ila kiwete yule yumo kaburini. Yule shemeji yake alinuswa huku anacheka, na kicheko hakikuisha vizuri akaanza homa. Ikasemwa kwamba ana jini limekaa katika tundu ya kushoto ya pua. Ya kulia ndiyo anayovutia pumzi kama sisi waja wengine. Mimi wakati huo nshamaliza skuli ya usiku, najua Kiingereza cha kuandikia barua ya kuomba kazi, najua desimali, na najua kuwa dunia inazunguka. Elimu yote hiyo haikunisaidia hata kidogo. Hadithi yoyote ikipita mikononi mwangu hutoka imenenepa, lakini hii niliiacha kama ilivyo. Ilikuwa nene ya kutosha.

Na balaa ni kwamba kazi yangu ilikuwa kumbebea sanduku.

Kigari ndivyo tulivyokiita kiti cha magurudumu: chuma, turubai la kukalia, magurudumu mawili makubwa ya nyuma na mawili madogo ya mbele yenye tabia ya kwenda yanakotaka yenyewe. Vilikuja kwa meli, vikatolewa hospitali kwa watu wasioweza kusimama, na miaka hiyo ya hamsini na kitu watu hao hawakuwa haba. Wako waliopoozwa na homa ya utotoni, wako walioangukiwa na mizigo bandarini, na kila msimu wa karafuu mashamba yalituletea wengine, vijana waliopanda juu ya mkarafuu wakiwa wazima wakashuka mara moja. Mtu alipewa kigari, akapelekwa kwao, na baada ya mvua moja kigari kimekufa. Ukenda kumtazama unamkuta kalazwa ukumbini, na ndani ya kigari kuku ameatamia. Ndipo akatafutwa Mwalimu, awafundishe wenye vigari, na madresa, wale wafunga vidonda, na manesi wa hospitali namna ya kuvitunza. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Aliomba mtu wa kumshikia sanduku la spana, na kwa sababu zile za barazani hakuna aliyenyoosha mkono, nikatolewa mimi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na pua yake ilikuwa ikifika mahali, watu wakaiamkia, kisha ndiyo anakuja mwenyewe. Kanzu yake ilikuwa na grisi kifuani mpaka nzi akitua anateleza. Na mtu huyo huyo mwenye kanzu ile akikuta chembe moja ya mchanga ndani ya gololi za gurudumu, alikutazama kana kwamba umekojoa msikitini. Alikuwa na msemo wake, "Mchanga hauna haya," na maana yake ni kuwa mchanga wa Unguja huingia chumbani kwa mtu bila ya hodi, basi usiungojee, ufuate. Watu wetu walikuwa na mapenzi ya kutia mafuta ya nazi penye chuma kinacholia. Mmoja kutoka upande wa Kizimbani alileta kigari chake kimepakwa nazi kama bibi harusi, na sisimizi wamejipanga tangu ekseli mpaka kwenye mikono ya kusukumia. Mwalimu hakumgombeza. Alimpa kitambaa, akamkalisha chini, akamwambia awatoe mmoja mmoja na amsalimie kila mmoja.

Darasa lilikuwa Alhamisi asubuhi, katika ukumbi wa nje wa hospitali, na ndani yake wagonjwa na madresa walikaa pamoja, jambo ambalo madresa hawakulipenda. Alianza kwa kuwakalisha madresa vigarini na kuwakataza kuinuka. Wagonjwa waliambiwa wawasukume. Asubuhi nzima dresa hana ruhusa ya kushuka, akitaka maji aombe, akitaka kwenda chooni amtafute wa kumpeleka. Dresa mmoja mnene, mcheshi, alisema yeye hapo amestarehe, aletewe na chai. Haikufika adhuhuri akawa anajipinda huku na huku, uso umemwiva. Mwalimu akamuuliza ana nini. Akasema makalio yanamuuma. Mwalimu akawageukia wagonjwa, na nakumbuka alisema kwa sauti ya chini mno: "Mmemsikia? Huyu yanamuuma, basi anajipinda. Nyinyi hayawaumi."

Hapo hapo akaishika mikono ya kigari, akawaonesha namna ya kujinyanyua kwa mikono, makalio yaachane na turubai, kisha kushuka taratibu. Jinyanyue ukisikia adhana, jinyanyue ukisikia mtu anakuamkia, jinyanyue ukisikia jogoo hata akiwa mwongo. Na turubai alilishughulikia kuliko magurudumu. Alilipiga kwa vidole kama anayepima ngoma. Likilia sawa anaitikia kwa kichwa, likinyong'onyea anasema liletwe mjini libadilishwe, lisitiwe kiraka, lisishonwe, lisiguswe.

Sasa, ndugu msomaji, nikwambie lililonichanganya. Mtu huyu alikuwa akitaka kila kitu kitajwe kwa jina lake. Ukisema "hicho kidude" anakurudisha mwanzo. Nati ni nati, washa ni washa, spoki ni spoki. Lakini palikuwa na pahala pamoja alipopita kimya. Kila alipomaliza kukagua kigari cha mtu alipiga goti nyuma yake, akasema, "Hebu niitazame nati hii," akaingiza kichwa karibu na kalio la turubai, na pale, wallahi nakuapia, hapakuwa na nati. Mimi nimevifungua vigari vile mpaka nikaviota. Hapakuwa na nati, wala skrubu, wala tundu ya nati. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, ndefu, kama mtu anayeonja mchuzi kwa mbali. Kisha huinuka, akamwita nesi pembeni, akamnong'oneza. Wengine baada ya mnong'ono ule waliingizwa wodini wakalazwa kifudifudi. Na baadhi yao hawakutoka. Nilimuuliza dresa yule mnene maana yake. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza kwani stoo hamna pua, nami nikakichukulia kicheko kile kuwa ni hofu anaificha. Wodini nilikuwa siingii. Nikipita nje ya madirisha yake nilikuwa naziba uso kwa leso na kukaza mwendo.

Alikuwa na sitara iliyopita mpaka. Siku moja tunatoka Darajani, mbele yetu bwana mmoja wa heshima zake kanzu imemchanika nyuma, yuko wazi na mwenyewe hana habari. Mtu mwengine angelimgusa bega akamwambia. Mwalimu alimfuata nyuma yake, hatua kwa hatua, amelishika sanduku langu la spana kwa mikono miwili kumkinga, mpaka bwana yule akaingia nyumbani kwake, akageuka na kutuuliza kwa ukali tunamfuatia nini. Mwalimu akajibu tumepotea njia. Tulikuwa tunakwenda kinyume na kwetu kabisa. Nikamwambia, si ungelimwambia tu? Akasema kumwambia mtu aibu yake mbele ya watu ni kumvua na kilichobaki.

Neno la "pole" lilikuwa likimkera. Mgonjwa akija na mtu wa kumlilia, Mwalimu alimpa yule mtu pampu, alie huku anajaza upepo. Hakuwa mpole. Aliwahi kumnyang'anya mzee mmoja kigari mbele ya wanawe kwa sababu kilikuwa na kutu, akamrudishia baada ya wanawe kuisugua kutu yote, na mzee alikuwa akilia. Sikumpenda siku ile. Nadhani hakuna aliyempenda.

Isipokuwa Pandu. Pandu alikuwa kijana wa Chwaka aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu, mgongo ukavunjika, kuanzia kiunoni kwenda chini akawa hana habari na mwili wake. Ulimi ulibaki mzima kwa watu saba. Alikuwa akimwambia Mwalimu, nati umenifundisha kufunga, ndoa utanifungisha lini? Mwalimu anamjibu kwanza ajifunze breki. Akifika darasani Pandu huita kutoka mbali, "Shikamoo pua!" na kabla Mwalimu hajageuka anamalizia, "na mwenyewe." Mwalimu huitikia marahaba, moja tu, na kumwambia aigawe. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikaza midomo asicheke. Pandu alijifunza upesi kuliko madresa. Gurudumu alilichomoa, akalisafisha gololi, akalirudisha, huku anasimulia uongo ambao hata mimi niliuonea wivu.

Alipopewa ruhusa ya kurudi kwao, mama yake alikuja kumchukua. Bi Mize alikuwa mwanamke mfupi, mikono migumu, msokota kamba. Kazi yake ilikuwa ya makumbi ya nazi na usumba, zile nyuzi zake, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kwake kununua kamba za kuwambia vitanda. Mwalimu alimfunza na yeye: upepo, grisi, turubai. Bi Mize alisikiliza, akamwambia kuwa mwanawe huyu ndiye aliyebaki, wenziwe wote ameshawazika, na kitu chochote kilichomo katika uwezo wa mikono yake atakifanya.

Na alikifanya. Mvua za masika zilipopita, chumvi ya pwani na maji vikalila turubai, likapasuka katikati. Kumleta Pandu mjini kulitaka gari, na magari ya mbao ya Chwaka msimu ule yalikuwa yakikwama njiani kuliko yanavyokwenda. Bi Mize akalitoa turubai bovu, akasokota kamba mpya, nyembamba, ngumu, akakiwamba kigari kama anavyowamba kitanda cha harusi. Watu wakaja kukitazama. Hakuna fundi wa Unguja nzima, na Pemba juu yake, angeliwamba vizuri zaidi. Pandu akakalia, akasema sasa amekaa kama Sayyid, akaanza kusuka madema ya kutegea samaki kutwa nzima. Mtu anayesuka dema hushughulika na vidole. Jogoo hamsikii wala adhana.

Sisi hatukuwa na habari. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuwafuata wanafunzi wake walioacha kuonekana, na siku moja akakodi gari, akaniambia twende Chwaka. Tulipofika, uvumi ulikuwa umeshafika kabla yetu, umekula, umelala, na umeoa. Watu walitoka majumbani wakasimama mbali. Wanawake waliwarudisha watoto ndani. Bi Mize alitupokea kwa adabu kamili, akatandika mkeka, akaleta maji ya madafu, lakini alikaa baina yetu na mwanawe, na hakuondoka hapo.

Pandu alikuwa barazani, kigari kinang'ara. Mwalimu akalizungusha gurudumu, likazunguka kimya kama linaota. Akabonyeza tairi, gumu. Akamwambia Pandu kuwa madresa wa mjini wangelikuja kusomea hapa. Pandu akafurahi. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, na ngozi yake inatoka jasho ingawa upepo ulikuwapo. Nilidhani ni furaha. Kisha Mwalimu akalipiga kalio la kigari kwa vidole, kama desturi, na vidole vikakuta kamba.

Akauliza nani aliyewamba. Bi Mize akasema ni yeye, na usoni mwake palikuwa na fahari aliyoistahiki. Mwalimu akasema kamba ni ngumu. Pandu akacheka.

"Ngumu kwa nani, Mwalimu? Mie huko chini sisikii kitu."

"Ndiyo maana," akasema Mwalimu. Akapiga goti. "Hebu niitazame nati hii."

Bi Mize akainuka akasimama mbele yake. Hakupandisha sauti.

"Hapo pana nati gani, Mwalimu?"

Majirani walikuwa wamesogea, wajomba wa Pandu wamo, vijana wenziwe wamo, na msichana mmoja mlangoni mwa nyumba ya pili ambaye Pandu alikuwa akimtazama tangu tumefika. Mwalimu aliwatazama wote hao. Alimtazama na msichana yule. Mimi nilikuwa nimesimama na sanduku, nasubiri kwa hamu kusikia atakavyomtetea jini wake. Neno lilikuwa mdomoni mwake, nililiona kabisa namna linavyotaka kutoka. Akalimeza. Akainuka, akajipangusa mchanga magotini.

"Mleteni mjini," akasema. "Leo. Tutakwenda naye kwa gari hili hili."

Bi Mize akasema Pandu haendi kwa gari lililomleta Mwalimu. Mwalimu akaomba basi angalau wamlaze, kigari akichukue, atarudi nacho na turubai jipya. Akajibiwa kuwa kigari ndiyo miguu ya mwanawe na miguu haiazimwi. Pandu mwenyewe alijaribu kulifanya dogo. Akamwambia, "Magurudumu yangu yote chukua utazame, Mwalimu, ila pua yako iache mlangoni na viatu." Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka, akamshika Pandu bega, akamwambia ajinyanyue, ajinyanyue sana, asikalie kamba ile. Pandu akajinyanyua mara moja kumridhisha. Akarudi juu ya kamba kabla hajamaliza pumzi moja.

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alikuwa akimhimiza dereva. Mimi moyoni nilikuwa nimefurahi kwamba safari hii jini limelala na njaa. Tulipofika alikwenda moja kwa moja wodini kusema na nesi, na keshoye lilitumwa gari la hospitali, likarudi tupu. Watu wa Chwaka walisema Pandu amesafiri kwa jamaa zake Makunduchi.

Waliomleta ni wenyewe, alipokuwa haongei tena. Alikuwa anawaka moto na meno yanagongana. Mwalimu alikuja akasimama nje ya wodi, hakuingia, kwa kuwa Bi Mize alikuwamo. Pandu alikufa alfajiri ya Ijumaa. Alikuwa kijana wa kuoa. Kigari kilirudishwa stoo kwangu na kamba zake, na Mwalimu akaja, akakaa chini kwenye saruji, akaanza kuzifumua. Nilimpa kisu. Hakukitaka. Alifungua fundo moja baada ya moja, na mafundo ya Bi Mize hayakuwa ya kufunguka. Kucha mbili zilimpasuka. Alipomaliza aliikunja kamba vizuri, akauliza kama nadhani yule mama angeitaka. Nikasema sidhani. Akasema hata yeye hadhani.

Baada ya hapo darasa lilikufa. Sasa si uvumi tena. Chwaka nzima ilishuhudia kuwa mtu alipiga goti tu, hata kunusa hakunusa, na kijana akaondoka. Wenye vigari wakawa hawaji. Kila Alhamisi Mwalimu alifungua sanduku, akapanga spana juu ya kitambaa, akakaa. Madresa walikuja kwa amri, wakapungua. Kuku wakarudi vigarini. Mwisho aliambiwa asijisumbue, naye akashukuru. Mimi nikapata kazi bandarini, yenye meza na feni, nikasahau gololi zote.

Miaka ilipita, si mingi. Siku moja naambiwa pana bibi wa shamba ananiulizia getini. Ni Bi Mize. Alikuwa mtu wa pwani vile vile, shukani kwake inatoka ile harufu ya makumbi yanayofukiwa topeni mpaka yakaoza ndipo yapondwe usumba. Harufu hiyo hata sabuni ya Uingereza huisalimu ikapita. Kwapani ana mto mdogo. Akasema amesikia Mwalimu ameanguka kwa kiharusi, na anaomba nimuoneshe nyumba. Niliogopa. Niliona amekuja kumuapiza, na mtu aliyeanguka haapizwi. Lakini bibi huyo alikuwa ametoka Chwaka, ningelimwambia nini? Nikampeleka.

Mwalimu alikuwa Kikwajuni, chumba cha uani kwa dada yake, naye yumo kigarini. Upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umevutwa. Ile pua tu ndiyo iliyobaki na ukubwa wake. Alipomuona Bi Mize mkono wake mzima ulishika gurudumu kama anayetaka kurudi nyuma, na gurudumu lililia. Lilikuwa kavu. Hakuna aliyelitia grisi.

Bi Mize akamuamkia, akamuuliza hali, akamwambia asiseme, asijichoshe. Akamweleza dada mtu kuwa mto ule ni wa sufi, ameujaza mwenyewe, wa kukalia. Wakamnyanyua wawili wao, wakautia. Kisha Bi Mize akapiga goti nyuma ya kigari, akasogeza uso, akavuta pumzi kwa pua, ndefu.

Mwalimu alifumba macho, na machozi yakamtoka upande ule mmoja unaoweza.

"Safi," akasema Bi Mize, akainuka. Akamwambia dada mtu amtazame kila siku, asione haya.

Tulipotoka uchochoroni nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, kwa ule utani wangu, Bi Mize, lile jini la puani limekuhamia weye?

Alisimama. Hakukasirika, alinitazama kama mtu anayetazama gurudumu lililopinda.

"Hapana jini, mwanangu. Alikuwa akinusa kidonda. Mtu asiyesikia huko chini, kidonda chake kinajulikana kwa harufu. Nesi alinigeuzia Pandu nikakiona, mkono unaingia." Akaivuta shuka yake begani. "Na harufu ile mie nliisikia ndani ya nyumba yangu siku nyingi. Nikidhani ni makumbi."